Kompyuta ya Eugénie

Jumanne, tarehe 12 Machi 2013, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Wakubwa wa mradi pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, waliamuru kompyuta zote zibadilishwe programu ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, programu ile inayoiamsha mashine. Kazi ikiwa katikati, saa ya chakula ikafika, nao wakazima jenereta kama kawaida yao, kubana mafuta. Kompyuta ya kwanza, iliyokuwa ikibadilishwa, haikuwaka tena.

Sasa waliitaka ya Constantin, mpiga picha wa kambini, nayo ibadilishwe. Aliachiwa na marehemu mkewe, Eugénie, na kwa kuchapa picha za watu ndiyo iliyomlisha.

“Ukikataa, mzee, kazi ya picha za mradi utaikosa,” alisema Bienvenu, msimamizi.

“Nilimuuliza fundi Buruhan, kule Mbarara. Anasema mashini yenye inaamuka vizuri, yeye haigusi. Hii inaamuka kila asubui.”

“Ni amri ya wakubwa.”

“Bakubwa ba jenereta? Benye baliniambia ningoje gari ya wagonjwa, Eugénie akakufa tukingoja?”

Constantin aliikumbatia kompyuta yake, akaenda nayo. Mlangoni mwa ofisi ya mradi aligeuka, akauliza: hii nayo ikifa, ni mkubwa gani atakayeiamsha?