Toroli la Mashuka

Mama Pacha alikuwa akikamua mashuka ya wodini binti yake alipochungulia dirishani, daftari la fizikia kwapani.

"Umepima, mama?"

"Nimepima." Alfajiri, kabla msimamizi hajafika, alifunga mzani wa kuning'iniza kwenye mpini wa toroli, akalivuta kama anavyolivuta siku zote. Mshale ukasimama kwenye kilo kumi. Toroli na mashuka mabichi, kilo mia mbili.

Juzi toroli hilo lilimponyoka likamvunja mpiga pasi kifundo cha mguu. Msimamizi aliandika kwamba Mama Pacha alikuwa akilikimbiza. Leo alitakiwa kuyatia saini maelezo hayo. Akitia, kazi hana.

Binti aliandika kwa penseli. "Kilo kumi ni kama nyutoni mia moja. Gawa kwa mia mbili, mchapuko ni nusu. Yaani kila sekunde kasi inapanda nusu mita kwa sekunde. Kutoka mlangoni hadi aliposimama yule dada wa pasi?"

"Mita nne."

"Basi ni sekunde nne, na kasi mita mbili kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayewahi foleni. Na msuguano sijautoa bado."

"Breki nzima ingelizuia?"

"Nzima, bila shida."

Saa nne msimamizi aliliangalia daftari bila kuligusa.

"Tangu lini mashuka yana fizikia?"

"Njoo ulisukume mwenyewe, bosi, tuhesabu pamoja. Breki nimeiripoti mara tatu kuwa ni mbovu."

"Hii karatasi ina muhuri wa nani? Tia saini, mama, usinichoshe."

"Sitii. Sikukimbia."

Hakupandisha sauti. Msimamizi alifungua droo, akatoa barua iliyokwisha kuchapwa: kusimamishwa kazi, kuanzia sasa. Mama Pacha akaikunja, akavua aproni, akaitundika msumarini kwa utaratibu, akatoka na binti yake.

"Haya, wewe," msimamizi alimwambia mfuaji aliyekuwa karibu na mlango, "shika toroli."

Mfuaji alimtazama, akainama, akajitwika kichwani fungu la mashuka mabichi ya kuanika. Maji yakamchuruzika mgongoni. Mwenzake akafuata, kisha mwingine. Hadi jioni wodi zote nazo zilipelekewa mashuka makavu kwa vichwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.