Sikio la Bi Pindo na Blenda ya Kijivu

Mzee Randa aling'olewa meno tisa kwa siku mbili, yote yaliyokuwa yamebaki, akarudi nyumbani amefunga kinywa kwa leso kama mtu aliyeshinda kwenye vumbi la mbao. Jina hilo la Randa alipewa zamani na maseremala wenzake, kwa jinsi alivyoweza kulainisha ubao mpaka ukapitisha kiganja bila kukwama. Daktari wa meno alimwambia wazi kwamba fizi zinataka wiki kumi za kupona kabla ya kupimwa meno ya bandia. Mzee alizipokea hizo wiki kumi kama mtu aliyesomewa hukumu.

Kilichomuuma zaidi si njaa. Alikuwa mtu wa kupiga soga, mtu ambaye akitumwa misumari hurudi baada ya saa mbili na habari za nusu ya mtaa. Sasa alijifungia ndani. Kila alipofungua mdomo alisikia maneno yakimtoka yamelowa, mengine yakipiga mluzi njiani, akaona heri anyamaze. Wageni wakipiga hodi, alijitoma chumbani. Mkewe akimuuliza jambo, alijibu kwa nyusi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Bi Pindo kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka suruali yenyewe ichakae. Wiki mbili za kwanza alimpikia mumewe uji: wa mahindi, wa mtama, wa mchele, wa maziwa. Mzee aliunywa kwa adabu, kisha akaanza kubakiza nusu, kisha robo tatu. Siku Bi Pindo alipomkuta anatoboa tundu la pili kwenye mkanda wa suruali ili ukaze zaidi, aliingia jikoni, akafunga mlango, akampigia simu binti yao.

Binti alikuwa muuguzi katika mji mwingine, na alizoea kutuliza watu. Alimwambia mama yake asihangaike: akate matunda yaliyoiva, ayagandishe kwenye friza, kisha ayasage na mtindi yakiwa bado magumu. Itatoka smuthi nzito, baridi, ya kupoza fizi na kushibisha, na baba hatatafuna chochote.

Bi Pindo akafanya hivyo hivyo. Blenda waliyokuwa nayo ilikuwa ya kusagia nyanya na vitunguu, na kwa kazi hiyo haikuwa na neno. Ilipokutana na embe lililoganda ilikoroma mara moja, ikatetemeka, na gurudumu la mpira chini ya jagi likasagika likatoka makombo meusi. Vipande vya embe vilibaki mle mle kama kokoto, na jikoni pakanuka mpira kutwa nzima.

Basi ikawa hakuna budi kununua nyingine. Binti alituma picha kwenye simu, blenda kumi na nne, kila moja na sifa zake: hii wati mia sita, hii wati elfu moja, hii visu sita, hii jagi la kioo. Bi Pindo alivaa miwani akazipitia zote, kisha akarudisha jibu fupi: picha hazina sauti.

Hakuwa anatania. Miaka thelathini na minane alikuwa ameketi ubavuni mwa mota ya cherehani. Kwa kusikia tu alijua kwamba mkanda umelegea, kwamba mafuta yamekauka, kwamba sindano inakaribia kuvunjika, kabla jicho halijaona dalili yoyote. Kununua mashine ambayo hajaisikia ikifanya kazi kwake kulikuwa sawa na kununua viatu kwa kutazama nyayo za mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi aliijaza chupa ya chai, ile yenye mdomo mpana, vipande vya embe, nanasi na ndizi vilivyoganda kama mawe, akaizungushia taulo, akatia na kopo la mtindi kapuni. Akamwambia mumewe kwamba anakwenda dukani kuchagua blenda na hawezi kubeba boksi peke yake. Huo ulikuwa uongo wa nusu, maana duka lenyewe hupeleka mizigo majumbani. Alitaka tu mzee apigwe na jua. Mzee alivaa kofia, akachukua leso, kisha akasema kwa kuziba mdomo kwamba atakwenda, lakini asitegemewe kusema hata neno moja.

"Nani kakuomba maneno?" akasema Bi Pindo. "Nimekuomba mabega."

Duka lilikuwa limesheheni vyombo vya umeme. Feni zilining'inia darini, pasi zimepangwa mbili mbili kama viatu, na upande wa kulia rafu nzima ilikuwa ya blenda. Mwenye duka, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, aliwapokea kwa bashasha na kwenda moja kwa moja kwenye moja nyekundu inayong'aa. Aliisifu wati zake, akaisifu rangi yake, akasema inasaga mpaka mawe. Akaichomeka ikiwa tupu, akabonyeza, nayo ikalia kwa sauti nyororo.

"Cherehani zote zinaimba vizuri zikiwa hazina kitambaa," Bi Pindo akamwambia. "Tunazijua zikipewa jinzi."

Akaiweka chupa ya chai juu ya kaunta na kuifungua. Mvuke wa baridi ukatambaa nje.

Mwenye duka alipoelewa anachoombwa, tabasamu lilimpungua. Alieleza kwa heshima kwamba blenda ikishaonja tunda si mpya tena, na kwamba akimruhusu mmoja kesho wote watakuja na vikapu vyao. Bi Pindo alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuiona hata moja ikisaga tunda lililoganda. Mwenye duka akakuna kidevu. Akakiri kwamba ameuza blenda miaka kumi na moja na nyumbani kwake wanakunywa maji. Wateja wawili waliokuwa wakichagua pasi walikuwa wamekwisha kusogea kutazama. Mwishowe akasema basi, zile ambazo zimetolewa kwenye maboksi ni za maonyesho tu, na zifanye kazi kidogo leo.

Ile nyekundu ilipewa matunda na vijiko vichache vya mtindi, ikaanza kwa makeke. Haukupita muda, visu vikajichimbia shimo chini na kuzunguka ndani ya hewa, matunda yakiwa juu yametulia tuli kama wageni waliopewa kochi. Mwenye duka alitaka kuongeza maji. Bi Pindo akakataa. Maji yakizidi itakuwa juisi ya kawaida, na hiyo hata blenda ya nyanya iliiweza. Alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho. Ghafla akanyoosha mkono.

"Zima."

"Lakini mama, ndiyo kwanza inaanza."

"Zima, baba. Inaungua."

Akazima. Moshi haukuonekana. Ila alipouinua mwili wa mashine na kuunusa chini, harufu ya waya wa moto ilimpanda puani, akamtazama mama yule kwa macho mengine kabisa. Alikwenda mwenyewe kupunguza sauti ya redio.

Ya pili ilikuwa pandikizi la mashine, lenye vitufe kumi na taa ya buluu. Hiyo ilisaga, hilo halikubishaniwa. Ilipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka, ikawa inatembea juu ya kaunta huku mwenye duka ameikumbatia kama anayezuia mbuzi asitoroke, lakini mwisho wake matunda yalikuwa laini. Bi Pindo aliisifu mota: ina nguvu za kweli, haijifaragui. Alipojaribu kuinua jagi kwa mkono mmoja, kifundo cha mkono, kilichochoshwa na mikasi ya miaka yote ile, kilimkatalia. Mwenye duka akasema atazoea. Bi Pindo naye, kwa kuwa hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imesaga, alianza kulainika na kuuliza bei.

"Haitaingia."

Sauti ilitoka nyuma yao. Mzee Randa, ambaye muda wote alikuwa amejibanza chini ya feni, alikuwa amesogea mpaka kwenye kaunta. Alitandaza kiganja akaipima ile mashine kwa shibiri kutoka kitako hadi kifuniko.

"Shibiri mbili na vidole vitatu," akasema. "Rafu ya jikoni niliiunga mimi. Chini yake pana shibiri mbili basi."

Mwenye duka, bila kujua anagusa wapi, akasema rafu ni kitu cha kupandishwa tu, kazi ya dakika kumi.

Kauli hiyo ilimfika mzee. Akaanza kumweleza kwamba rafu ile haina msumari hata mmoja, kwamba mbao zimeingizwa ulimi kwa ulimi, na kwamba mtu akiitoa kwa dakika kumi hatairudisha kwa siku kumi. Akaeleza aina ya mbao, akaeleza alivyozikausha, akaonyesha kwa mikono jinsi ulimi unavyokaa. Leso ilikuwa mkononi mwake ikipepea pamoja na maelezo. Midomo yake ilikuwa imebonyea, maneno yakipiga mluzi hapa na pale, na hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wateja wa pasi, mwanamke aliyevaa sare ya benki, alimuuliza kama hutengeneza na makabati ya jikoni.

Bi Pindo aligeuza uso akazitazama feni. Alijua kwamba akionyesha kushtuka tu, mumewe atakumbuka mdomo wake na kuuziba tena. Kwa hiyo akasema kwa sauti ya kila siku, "Basi tutafutie inayoingia, wewe mwenye vipimo."

Mzee akaanza mwanzo wa rafu, akazipima moja moja kwa kiganja. Mwisho kabisa, nyuma ya zingine, akatoa moja ya kijivu, fupi, yenye vumbi begani. Mwenye duka alisema kwa haki kwamba hiyo haina soko, maana rangi yake ni kama ndoo ya zege. Jagi lake lilikuwa pana juu na jembamba chini, kifuniko kina tundu, na pembeni pamefungwa kijiti kinene cha plastiki cha kusukumia vitu ndani.

Wakaimiminia matunda yote yaliyobaki. Ililia chini chini, sauti nzito. Nanasi lilipofika kwenye visu sauti ikashuka kidogo, kisha ikajikusanya yenyewe na kuendelea. Bi Pindo akaibandika kiganja ubavuni. Ilikuwa na uvuguvugu tu, na mtetemo wake ulikuwa sawasawa, hauruki. Mzee alishika kijiti akawa anasukuma pembeni na katikati, na mara ule mchanganyiko ukaanza kujigeuza wenyewe, kutoka kingoni kwenda ndani, polepole kama unga unaokandwa.

"Hii inapumua," akasema Bi Pindo. "Tunachukua hii."

Mwenye duka alijaribu mara moja kuwarudisha kwenye lile pandikizi, kisha akaacha, akaenda kutafuta vikombe na vijiko. Kila aliyekuwepo alionja. Yeye mwenyewe alirudia. Mzee Randa alikula kwa kijiko, kwa kituo, mpaka akakwangua chini ya kikombe, kisha akakinyoosha kijazwe tena. Alipomaliza cha pili akafuta midomo.

"Ndizi imezidi," akasema. "Na nanasi lingewekwa mwisho."

Kuanzia wiki ile jikoni pakawa na bosi mpya. Mzee alikata matunda kwa vipande vinavyolingana, kana kwamba atayaunga, akayafunga kwenye mifuko na kuiandika kwa penseli ya useremala: embe na nanasi, papai na ndimu, ndizi na kakao. Aligundua kwamba mtindi ukitangulia chini visu vinapata cha kushika, na kwamba matunda yakiachwa nje dakika tano mashine haisumbuki. Siku moja alitia parachichi na bitiruti, ikatoka rangi ambayo hakuna aliyetaka kuitaja. Wakainywa hivyo hivyo. Yale matundu mawili ya mkanda hayakuwa na kazi tena.

Yule mwanamke wa benki alikuja kuitazama rafu isiyo na msumari, akaipapasa juu na chini, akaagiza makabati. Karakana iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa. Wiki ya kumi na moja mzee alipata meno yake ya bandia, na kwa siku kadhaa aliyalalamikia kama viatu vipya, akimweleza kila mpita njia yanabana wapi.

Mwezi uliofuata mwenye duka alituma ujumbe. Alikuwa anapokea mzigo mpya wa blenda, na alimwomba Bi Pindo, kama hatajali, afike kuzisikiliza kabla hajautia sahihi. Bi Pindo alivaa gauni la kutokea, akajaza chupa yake matunda, akaenda. Alikalishwa kwenye kiti katikati ya duka, redio imezimwa, zikawa zinaletwa mbele yake moja moja. Kati ya ishirini alizikataa nne, na moja ya hizo alisema inakoroma kama shangazi yake.

Aliporudi alimkuta mumewe karakanani, amekaa juu ya rundo la mbao, bilauri mbili za smuthi zikimsubiri ndani ya ndoo ya barafu. Wakanywa taratibu, wakibanana juu ya mbao zile, huku akimsimulia habari za dukani na mzee akimkatiza kila mara kwa maswali. Kisha Bi Pindo akauliza leo ameweka nini humo ndani. Embe, mzee akasema, na kitu kingine kimoja, akisie mwenyewe. Bi Pindo akanywa tena, akafumba macho, akakisia mara tatu, na mara zote tatu akakosea.