Matumbo ya Makochi

Shemeji alinifukuza kazi mbele ya wateja. Miaka yote nimemshonea makochi, mtoto wa kaka yake alipomaliza chuo nikaambiwa nimpishe kwenye kiti. "Duka si choo, kila mtu aingie tu na kukaa," akasema. Watu wakacheka. Nikachukua mkasi wangu na sindano ndefu, nikatoka.

Sikwenda mbali. Nilivuka barabara tu. Muuza rangi alinikodishia baraza yake, inayotazamana na mlango wa shemeji. Nikaweka meza, benchi na kibao: TUNAFUNGUA MAKOCHI. Hao "tuna" ni mimi peke yangu.

Mwenye kochi lililobonyea nilimwambia alete. Mengi yalitoka kwa shemeji. Kwake mimi nilishona. Kujaza alijaza mwenyewe, kajifungia chumba cha nyuma. Sasa nikajua kwa nini. Nilichana kitambaa mwenye kochi akitazama, nikavuta cha ndani taratibu: matambara, mifuko ya nailoni, siku moja suruali nzima na mkanda wake.

"Yaani nimekalia suruali ya mwanamume mwingine na mume wangu yupo?" mama mmoja akauliza.

"Mwenyewe yuko pale ng'ambo, mama. Kamuulize."

Sponji mpya nilijaza mchana kweupe. Yale matumbo sikutupa, niliyarundika ukingoni mwa baraza, yakimtazama shemeji.

Shemeji akaja. "Ondoa uchafu huu, tuyamalize kifamilia." Akavuta benchi.

"Hapa si choo, shemeji. Usiingie tu na kukaa."

Kisha akaja dada, mkewe, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alisimama kando ya rundo, sauti ya chini.

"Mdogo wangu, wanangu wanakula kwenye duka lile. Hujatosheka?"

"Bado."

Nilikuwa na maneno mengine mdomoni. Nilitoa hilo.

Duka lilifungwa. Shemeji anabeba mizigo sokoni, na mimi kazi zimenijaa hadi barabarani. Sijutii, ila hesabu ni hesabu. Dada mmoja, hapokei simu yangu. Wapwa watatu, walioniita mjomba. Wakiniona wanahamia upande wa pili. Na nyumba moja, ile pekee niliyokuwa naingia bila kupiga hodi.