Jengo Lililoanikwa Juu ya Mawingu

Jumanne moja ya mwezi wa Septemba, saa mbili na nusu asubuhi, Bi Mwatima alikuwa akianika mashuka kwenye roshani ya flati yake, ghorofa ya pili, nyuma ya mtaa wa soko wa Walthamstow. Mwanawe Matar alimshikia vibanio. Alisimama upande wa nje wa roshani kwa sababu upande wa ndani haukutosha watu wawili. Upande wa nje hapakuwa na pa kukanyaga, lakini Matar hajawahi kuhitaji pa kukanyaga.

Alianguka toka mawinguni kwenye roshani hiyohiyo miaka thelathini na moja iliyopita, mchana wa mvua, mdogo kama mkate wa boflo, akavunja ndoo. Bi Mwatima alikuwa ametoka Pemba miaka miwili kabla na hakuwa na mtoto. Alimfuta, akamfunga kanga nyekundu mabegani asipate baridi, akamwita Matar, neno la Kiarabu la mvua, kwa ajili ya ile mvua. Nesi alikuja na mizani. Mizani ikasema mtoto hana uzito wowote, basi nesi akaandika sifuri na kushauri apewe maziwa zaidi. Alikuwa nesi mwema. Alirudi kila wiki kwa mwaka mzima, na kila wiki aliandika sifuri kwa mwandiko mzuri.

Sasa Matar ni mtu mzima, mrefu, mwenye kanga ileile mabegani na kivuli kinachochelewa kidogo kumfuata. Hakuna mzigo unaomshinda. Mwanzoni watu walidhani atakamata wezi. Mwizi mmoja wa simu alimpita sokoni akikimbia, na Matar alimtazama kama mtu anavyoutazama ukuta. Hakuona kilichoharibika. Simu ilikuwa mkononi mwa mtu, na bado ilikuwa mkononi mwa mtu.

Anachokiona Matar ni kuanguka. Anaona kila kinachoanguka, na kwake haraka na polepole ni kitu kimoja. Mwaka mmoja alimdaka mtoto mchanga aliyeponyoka dirishani, akamlaza kwenye nyasi, kisha akadaka jani la mti, akalilaza pembeni ya mtoto kwa uangalifu uleule. Mwaka mwingine alishikilia daraja la reli siku tatu. Wahandisi walimwambia daraja ni zima, litasimama miaka themanini mingine.

"Ndiyo," alisema Matar. "Linaanguka."

Kwa hiyo si mtu wa kutumwa. Mambo ya shule hayakumkaa kichwani. Yaliyomkaa ni machache aliyofundishwa na mama yake: kwamba mlangoni kwa watu hubishwa hodi mara tatu, na usipojibiwa unaondoka, na kwamba kitu kikilowa huanikwa juani, na huanuliwa kabla jua halijazama. Bi Mwatima alikulia katika nyumba ya karafuu, na karafuu iliyosahauliwa nje na kulala na umande huharibika. Hilo alimwambia Matar akiwa na miaka mitatu, mara moja tu, na Matar hakulisahau.

Jumanne hiyo, kabla mashuka hayajaisha, jirani wa mlango wa pili alibisha hodi akiwa na barua mkononi. Ni Euphrasie, mama kutoka Bukavu, anayesafisha ofisi za watu alfajiri kisha hurudi kumpeleka binti yake shule. Binti ni Shekinah, ana miaka saba. Anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, na kifua chake hupiga filimbi. Ndani ya ukuta wa chumba anacholala mna bomba lililopasuka miaka minne iliyopita. Ukuta hunywa maji na kutoa kuvu nyeusi, na mtoto huivuta usiku kucha. Daktari alikuwa ameandika barua mbili. Mwenye jengo ni ofisi ya nyumba, na ofisi haizibi bomba mpaka mkaguzi athibitishe.

"Mama Mwatima, banatuma mutu!" alisema Euphrasie. "Miezi kumi na moya, sasa iko anakuja. Alhamisi, saa ine asubuhi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwatima. "Saa nne? Maskini, atakuwa hajala kitu huyo."

Siku ya Jumatano wanawake hao wawili walifanya kazi tangu adhuhuri mpaka magharibi. Waliusugua ukuta kwa jiki mara tatu, ukawa mweupe. Walitundika pazia jipya. Bi Mwatima alileta chetezo akafukiza udi vyumba vyote, halafu akakanda unga wa maandazi. Mmoja alizaliwa Pemba na mwingine Bukavu, lakini wote wawili walilelewa na mama ambaye asingemkaribisha mgeni kwenye nyumba chafu hata kama anakufa. Aliyeuliza ni Shekinah peke yake. Aliuliza, kwa Kiingereza, mkaguzi ataona nini kama wanaifuta.

"Mgeni haonyeshwi uchafu, mjukuu wangu," alisema Bi Mwatima. "Ataambiwa."

Mkaguzi aliitwa Alexis. Alivua viatu bila kuambiwa, akala maandazi matatu, akausifu ukuta. Fomu ya ziara ya kwanza ilikuwa na swali moja tu, kama kuvu inaonekana. Euphrasie alimweleza kwa Kiingereza kwamba wameifuta jana kwa heshima yake, na kwamba baada ya siku tano itakuwa imerudi. Alexis alilitazama lile pazia jipya, akawatazama wale kina mama, akashusha kalamu.

"Nakuamini," alisema. "Tatizo fomu haina nafasi ya ninachoamini."

Akaandika haionekani. Alisema atawapangia ziara ya pili, ya kupima unyevu kwa mashine, na itakuwa baada ya wiki sita. Kisha pembezoni mwa fomu akaongeza kwamba wakaazi ni wakarimu sana. Alidhani hilo litawasaidia.

Kuvu ilirudi siku ya nne. Wiki ya tatu Shekinah alilazwa hospitali siku mbili, na Euphrasie akakaa kitini siku mbili akihesabu pumzi zake. Walipomrudisha, mtoto alikuwa mwepesi mikononi, na chumba cha kumlaza kilikuwa kilekile. Bi Mwatima alienda roshani akamwita mwanawe.

"Umemuona Shekinah?"

"Nimemuona."

"Anaumwa, mwanangu."

Matar aligeuza macho kuelekea ukuta, maana kuta hazimzuii. "Anapumua," alisema. "Ana miaka saba, anapumua. Ana miaka sitini, anapumua. Hana miaka sitini. Hapumui." Alisema yote kwa sauti moja, kwa kuwa aliyaona yote pamoja.

Bi Mwatima hakuuliza zaidi. Kuna majibu ambayo mtu hawezi kumpelekea jirani yake.

"Basi lile bomba. Huwezi kuliziba?"

"Bomba limekwisha. Ukitia jipya, nalo limekwisha."

Bi Mwatima alikunja shuka moja, akakunja la pili. Halafu alimuuliza taratibu, kama alivyokuwa akimuuliza alipokuwa mdogo.

"Ile nyumba ikoje?"

"Imelowa."

"Na kitu kikilowa hufanywaje, baba?"

"Huanikwa," alisema Matar.

Kesho yake alibisha hodi milango yote kumi na sita, mara tatu kila mmoja, na kila mmoja ukamkaribisha. Hakuchukua flati ya Euphrasie peke yake, kwa sababu haoni mahali flati moja inapoishia na nyingine kuanzia. Alichomoa mabomba na nyaya kama mtu anavyochomoa chaja, na hakuna tone lililomwagika. Saa tatu kamili akaliinua jengo lote, ghorofa nne na ngazi zake, akapanda nalo.

Walipita katikati ya mawingu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Vioo vililowa, vikawa vyeupe, kisha vikawa na jua. Watu walitoka nje kwenye roshani. Mawingu yalikuwa yametandikwa chini yao mpaka macho yanapokomea, meupe, yametulia, na juu yao hapakuwa na kitu isipokuwa buluu. Kisha kuta zikaanza kutoa mvuke. Ulitoka kwenye matofali polepole, kama unavyotoka kwenye nguo mbichi, ukapanda, na jengo zima likanukia kama unga wa kuoka.

Mzee Albert wa ghorofa ya nne, naye mtu wa Bukavu, alivua kofia. "Myaka makumi mbili niko napanda ngazi ili nione mbali," alisema. "Leo hata nyinyi ba chini munaona."

"Tusamehe, mzee," alisema Bi Mwatima. "Kesho tutafumba macho."

Euphrasie alikuwa amekaa sakafuni roshani, amempakata Shekinah, sikio kifuani pake. Alisikiliza kwa muda mrefu. Filimbi ilikuwa imenyamaza. Mtoto alivuta hewa, ikaingia, ikatoka, bila sauti yoyote, na mama yake alibaki na sikio palepale mpaka kitufe kikaacha alama shavuni.

Jua lilipokaribia mawingu Matar akaanza kuwashusha. Euphrasie aliinama kwenye ukingo wa roshani. Matar alikuwa chini ya msingi, ameushika kwa mkono mmoja.

"Matar, baba, acha nyumba huku juu. Usiku moya tu. Tafazali."

"Jua linazama," alisema Matar. "Huanuliwa."

Bi Mwatima naye alijaribu, usiku huo na nyakati nyingine nyingi. Alimweleza kwamba nyumba si karafuu, kwamba hapo zamani hakumwambia yote, kwamba mama naye hukosea. Matar alimsikiliza kila mara mpaka mwisho, na kila mara saa ile ilipofika akaanua. Ni kitu alichopewa kwa upendo, na hakujua namna ya kukiweka chini.

Usiku, mabomba yakiwa yameunganishwa tena, maji yalirudi ukutani. Asubuhi, saa tatu, jengo likapanda tena. Wakaazi walizoea. Wenye kazi walishuka mapema, na aliyechelewa aligonga sakafu, Matar akamteremsha kituo cha basi kwa mkono uliobaki. Shekinah alisomea juu siku tatu za wiki, kwa kibali cha mwalimu wake, aliyeandika kwamba sababu ni hali ya hewa. Mchana alikimbia ngazi nzima bila kusimama. Usiku alikohoa.

Ziara ya pili ilikuwa mapema Novemba. Alexis alifika saa mbili na dakika hamsini na saba, na alipokuwa bado anavua viatu jengo likaondoka naye. Alishika mlango mpaka likatulia. Bi Mwatima akamletea chai roshani. Alexis aliyatazama mawingu akakiacha kikombe kipoe, na baadaye alisema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kwamba marehemu mama yake angepapenda hapo. Kisha akatoa mashine yake, yenye sindano mbili, akazichomeka ukutani. Akazichomeka mahali kumi na mbili.

"Pakavu," alisema. Hakufurahi kulisema.

"Kuja magaribi," alisema Euphrasie, na alipoona hakueleweka akarudia kwa Kiingereza. Njoo jua likizama. Njoo usiku, ulale hapa, nitakupa kitanda changu.

"Nisingekataa. Lakini mashine ni ya ofisi, na lazima irudi saa tisa."

Alexis alikaa kwenye kitanda cha Shekinah na kuitazama fomu ya pili, ambayo nayo haikuwa na nafasi. Alimuuliza mtoto anapumuaje. Shekinah alimjibu kwa Kiingereza kwamba huku juu vizuri. Alexis akaandika hayo mgongoni mwa fomu, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, ingawa mgongo wa fomu hausomwi na mtu.

Barua ya ofisi ilikuja wiki mbili baadaye. Ilisema kuta zimepimwa na ni kavu. Iliwapongeza wakaazi kwa kupata njia yao wenyewe ya kuingiza hewa, ikaondoa bomba kwenye orodha ya matengenezo, na kuomba jengo likirudishwa jioni mlango mkubwa uelekee barabarani. Euphrasie aliisoma mara mbili amesimama. Bi Mwatima alimtolea kiti. Matar, aliyekuwa nje ya dirisha, alisema kwamba barua inaanguka, na kweli ilikuwa imemponyoka Euphrasie. Akaidaka, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Desemba imefika, na jua la London linazama kabla ya saa kumi. Siku imekuwa ya saa saba, na Shekinah ana saa saba. Inapofika saa tisa na nusu mama yake humvalisha sweta na kumpeleka roshani, na majirani wengine nao hutoka, bila aliyewaita. Wakati huo mawingu huwa mekundu yote, toka mwisho mmoja mpaka mwingine, na watu huyatazama mpaka wanapohisi sakafu imeanza kushuka.

Hapo Mzee Albert huinua mkono, na flati zote kumi na sita huvuta pumzi ndefu, kubwa, kadiri ya kila kifua, kama watu wanaokwenda kupiga mbizi. Kisha jengo huingia mawinguni. Shekinah ndiye anayeweza kuizuia muda mrefu kuliko wote. Huizuia mpaka jengo liguse ardhi na mabomba yarudishwe mahali pake, mashavu yamevimba, macho kwa mama yake, na Euphrasie humshika mkono akihesabu, mpaka mtoto hawezi tena.