Siku Ardith Alipomwita Verlin

Wifi yangu Ardith alikuwa na sauti. Sisemi sauti ya kuimba, maana kanisani aliimba kama mlango unaodai mafuta. Nasema sauti ya kuita. Akisimama kibarazani saa ya chakula cha mchana na kumwita mumewe, kaka yangu Verlin alimsikia akiwa juu ya trekta mwisho kabisa wa shamba la mahindi, injini ikinguruma. Mbwa wa jirani nao walikuja.

Kaka alifariki mwaka jana, theluji ikiwa inayeyuka. Moyo ulimsimama akiwa bandani na ng'ombe wake. Tangu hapo Ardith akawa anaongea chini chini, kama mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. Ng'ombe wakauzwa, shamba wakakodishwa vijana wa ng'ambo ya mto, yeye akabaki na nyumba na banda tupu. Nikimpigia simu namwambia, "Ongeza sauti wifi, sikusikii," naye ananijibu, "Sina la kusema."

Basi Agosti ilipoingia nilimfuata kwa gari asubuhi, nikamkuta bado na gauni la kulalia.

"Vaa viatu vya kutembelea," nikamwambia. "Tunakwenda mjini Des Moines kwenye maonyesho ya kilimo."

"Na joto lote hili?"

"Maonyesho ya jimbo yalifanyika kwenye baridi lini?"

"Nenda peke yako, Darlys."

"Nikienda peke yangu nitakula kila kitu kilichochomekwa kijiti, halafu utaniuguza wewe."

Akanitazama tumbo, akaenda kutafuta viatu.

Ardith alikuwa hajaenda maonyesho miaka mingi, kwa sababu mwenye ng'ombe wa maziwa haachi kukamua eti aende kutembea. Alishika mkono wangu kama mgeni. Tulipanga foleni ndefu kumwona ng'ombe aliyechongwa kwa siagi, amesimama ndani ya kioo chake chenye baridi, na watu wakimpiga picha. Ardith akamtazama kitambo, akasema, "Huyu atakuwa ng'ombe pekee wa Iowa asiyepiga teke." Nilifurahi hata nikataka kumkumbatia. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu mazishi.

Tulikula soseji zilizozungushiwa unga wa mahindi, kila moja na kijiti chake. Tukalitazama lile dume la nguruwe lililoshinda kwa uzito, limelala usingizi huku feni mbili zikilipepea. Jua lilipokuwa utosini, miguu ya Ardith ikagoma. Nikaona mabenchi chini ya miti mbele ya jukwaa dogo, tukaketi. Sikujua kuna nini pale. Naapa sikujua.

Mshereheshaji, bwana mnene mwenye kofia ya majani, akapanda na kipaza sauti. "Karibuni kwenye mashindano ya kuita waume!"

Nikahisi Ardith amekaza mgongo. Nikamwambia tuondoke. Akasema, "Miguu inauma. Tukae."

Akapanda mama mmoja aliyemwita mumewe mlevi wa kahawa, mvivu, kobe wa ukoo mzima, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha akaja bibi harusi mpya, mikono nyuma, akasema "Tayler? Tayler?" kwa sauti laini.

"Huyo anaita mume au anaita paka?" Ardith akaninong'oneza.

"Nyamaza, atakusikia."

"Anisikie mimi? Hata mume aliyeketi mbele yake hajamsikia yeye!"

Mwingine akaita kwa kutumia sufuria na mwiko. Ardith akatikisa kichwa. Mshereheshaji akasema kuna mshiriki mmoja hakutokea, je, yupo mama wa kujaza nafasi? Nami, mdomo wangu usio na breki, nikasema, "Wifi, wewe ungewafunga wote."

Akageuka. "Nimwite nani, Darlys? Niambie. Nimwite nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu pembeni yangu na Ardith alikuwa anapanda ngazi za jukwaa, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Jina la mume wako, mama?" mshereheshaji akamuuliza.

"Verlin."

"Na Verlin yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko mbali kidogo."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti, Ardith akakisukuma kando kwa kiganja. Akaweka mkoba chini. Akavuta pumzi ambayo niliiona ikimpanda kutoka kiunoni.

"Veeeer-liiiin! Chakula mezani! Veeeer-liiiin!"

Mama yangu! Njiwa waliruka kutoka kwenye paa la banda la farasi. Watoto waliokuwa kwenye foleni ya aiskrimu walinyamaza. Sauti ile ilipita juu ya vichwa vyetu, ikaenda, na mimi nikaanza kulia, kwa sababu nilijua inakokwenda hakuna mtu.

Mara, kutoka nyuma kabisa, karibu na mabanda ya kondoo, sauti nzito ya mwanamume ikaitika:

"Naam! Nakuja!"

Watu wote wakageuka. Mzee mmoja mrefu, mwembamba kama nguzo ya simu, alikuwa anapenya kati ya watu, majani makavu yamemganda suruali, kamba ya kondoo begani. Watu walimpisha huku wakipiga makofi. Akafika mbele ya jukwaa akavua kofia.

"Wewe ndiye Verlin?" mshereheshaji akauliza.

"Verlin Kucera. Nimeitwa." Akamtazama Ardith, uso umemwiva kwa aibu. "Nilikuwa nasugua kondoo. Nimesikia jina langu na chakula, miguu ikaondoka yenyewe."

Nilidhani wifi yangu ataanguka. Nilishainuka nikamdake. Lakini Ardith aliweka mikono kiunoni, akamkagua yule mzee toka utosini mpaka kwenye viatu vyenye samadi.

"Umechelewa," akamwambia. "Viazi vimepoa. Na hukai mezani kwangu na mikono hiyo."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mshereheshaji alilazimika kuketi.

Waamuzi wakampa nafasi ya kwanza yule mama wa kobe, ya pili yule wa sufuria. Ardith akapewa utepe wa mshindi wa tatu. Alishuka nao ameukunja ngumini, mkoba kwapani.

"Wa tatu!" akaniambia, na hakunong'ona. "Kati ya wote, ni mimi pekee niliyejibiwa! Wa tatu!"

Kisha akaketi kwenye benchi kwa kishindo hata mkoba ukadondoka. Yule mzee alikuwa ametufuata. Akauokota, akasimama nao bila kujua auweke wapi.

"Mumeo asije akanikasirikia tu, mama," akasema. "Hakukuwa na nia mbaya."

"Mume wangu amefariki," Ardith akasema. "Mwaka jana. Huyu ni dada yake."

Mzee Kucera akapauka uso. "Mungu wangu. Naomba radhi. Nisingethubutu hata kidogo, mimi nilidhani..."

"Usiombe radhi. Keti, unanizibia upepo." Akangoja mpaka mzee akaketi. "Tangu afe sijalitamka jina lake kwa nguvu. Nilikuwa naogopa. Nilijua nikiita nitaona kimya tu. Leo nimesema potelea mbali, kije hicho kimya, nikione. Badala yake umekuja wewe."

Mzee akaizungusha kofia mikononi. Akasema yeye hajawahi kuoa. Mara ya mwisho mtu kumwita kwa jina aje kula alikuwa mama yake, na mama yake alishazikwa zamani. "Ndiyo maana sikufikiri," akasema. "Ningefikiri, nisingekuja."

Alikuwa na kondoo jike wa kuonyesha alasiri ile, akatukaribisha bandani. Ardith akakubali kabla sijafungua mdomo. Kule mzee akampa Ardith ashike kamba wakati yeye anamchana kondoo manyoya, na baada ya muda mfupi walikuwa wanabishana kuhusu nyasi za kulisha wakati wa baridi. Ardith alikuwa ameinama, mkono shingoni mwa mnyama, kama alivyokuwa akikaa na ng'ombe wake.

Nikatoka nje. Nikasema nakwenda kununua maji ya limau. Ukweli ni kwamba kila Ardith alipotamka "Verlin" nilihisi kama mtu ananikanyaga kidole. Lile lilikuwa jina la kaka yangu, aliyenifundisha kuendesha baiskeli na aliyekuwa akinificha nikivunja vyombo. Sikuwa tayari kuliona kwa mtu mwingine, tena mwenye shingo ndefu namna ile.

Ardith alinikuta nimeketi kwenye marobota ya majani makavu.

"Unadhani namsahau kaka yako," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Umekunywa maji ya limau yasiyo na sukari mpaka chini na hujalalamika. Huhitaji kusema." Akaketi, bega lake likagusa langu. "Sikiliza, wifi. Nilipoita pale juu, nilikuwa namwita kaka yako. Yeye hasa. Wala sikumwita mwingine. Na hakuja, na sikufa. Umeelewa? Hakuja, na sikufa."

Tukalia pamoja, wanawake wazima, wapita njia wakidhani joto limetuzidi. Kijana mmoja wa huduma ya kwanza akatuletea barafu. Tukaipokea, tukaiweka shingoni, tukacheka.

Kondoo wa mzee Kucera alishika nafasi ya nne. Ardith akataka kwenda kuongea na mwamuzi, tukamzuia wawili. Tulipokuwa tunaagana, mzee alisimama anakwaruza ardhi kwa kiatu mpaka Ardith akaona amtue mzigo.

"Jumapili nitapika nyama ya kuoka. Unaweza kufika kwetu?"

"Naweza."

"Hujui hata ni wapi!"

"Utaita," akasema yule mzee. Mimi nikajikuta nacheka bila kutaka.

Alifika Jumapili, amenyoa, amejikata kidevuni. Nami nilikuwepo, maana Ardith aliniambia nisipokuja hatapika. Wakati wa kula nilimwita "bwana Kucera", akaelewa, hakuniuliza. Kabla ya kuondoka aliomba kuona banda. Alisimama mlangoni muda mrefu akitazama vyumba vitupu vya ng'ombe na vumbi kwenye mwanga.

"Malisho yangu yamekwisha," akasema. "Nina kondoo majike sita hawana pa kukaa majira ya baridi. Sisemi lolote. Nasema tu banda hili ni zuri."

"Paa linavuja upande ule," Ardith akasema.

"Mimi ni mrefu, nitalifikia."

Walikuja kondoo sita mwezi wa kumi. Sijui baina ya wale wazee wawili kutatokea nini, na Ardith nikimuuliza ananiambia nishughulike na sukari yangu ya damu. Najua tu kwamba sasa nikimpigia simu nalazimika kuiweka mbali na sikio. Jumamosi iliyopita nilipita kuwasalimia, nikawakuta malishoni wanagombana juu ya uzio. Mmoja anataka waya uvutwe zaidi, mwingine anasema utakatika. Kondoo wote sita, matumbo yameshaanza kutokeza, wamesimama wanawatazama kwa zamu.

"Darlys, mwambie huyu mtu!" Ardith akapaza sauti.

"Dada, mwambie wifi yako," mzee akasema.

"Ngoja kwanza nivae glavu, Verlin," nikamjibu, nikaenda kushika waya upande wa pili.