Sauti ya Mama Hedwiga

Tangu mama yake apasuliwe koo na kupoteza sauti, Yudith alizoea kuzungumza na simu. Mama huyo, Hedwiga, aliishi peke yake Vudee, juu milimani. Akitaka kusema jambo aligusa maneno kwenye simu yake, nayo ikayasema kwa sauti ya mwanamke asiyemjua. Kitufe kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha salamu: "Sijambo, mwanangu. Nimekula."

Jumanne moja saa nne asubuhi, Yudith akiwa kwenye cherehani yake mjini Same, alimpigia kwa video. Simu ikapokelewa, lakini uso wa mama haukuonekana. Zilionekana boriti za jiko tu, na moshi.

"Shikamoo, mama. Mbona sikuoni?"

"Sijambo, mwanangu. Nimekula."

"Geuza simu basi."

"Sijambo, mwanangu. Nimekula."

Sauti ilikuwa ileile, tulivu. Nyuma yake Yudith akasikia pumzi za kukwaruza.

"Mama, kama umeanguka, bonyeza mara mbili."

Kisha: "Sijambo, mwanangu. Nimekula. Sijambo, mwanangu. Nimekula."

Zaituni, mteja aliyekuja kupima gauni, akamkabidhi simu yake bila kuombwa. Yudith hakuthubutu kukata ile ya mama. Kwa simu ya Zaituni akampigia jirani wa mama, Eliamini, aliyekuwa akipalilia tangawizi.

"Kaka, kimbia jikoni kwa mama! Ameanguka!"

Akairudia simu yake. "Mama, Eliamini anakuja. Endelea kubonyeza nikusikie."

Sauti ikaja. Ikaja tena. Halafu ikakoma. Moshi ukazidi hata boriti zisionekane. Yudith akapiga magoti kati ya vipande vya vitambaa, akaita kwa Kipare kama alivyoita utotoni. Sauti ile ya mgeni aliichukia tangu siku ya kwanza. Sasa alimwomba Mungu amjalie kuisikia japo mara moja.

Mlango ukavunjwa. Kikohozi, maji yakimwagwa, kisha Eliamini: "Yu hai, dada! Paja limevunjika, na kanga imeshika moto pembeni. Lakini yu hai."

Wanaume wanne walimbeba kwa machela hadi kwenye gari. Yudith alimngojea langoni mwa hospitali ya Same. Hedwiga aliposhushwa alimkamata mkono, asiuachie.

"Hutarudi kukaa peke yako, mama."

Hedwiga akatikisa kichwa kukataa, machozi yakimtiririka. Yudith hakubishana. Alitembea kando ya kitanda cha magurudumu, macho yake yakiwa kifuani mwa mama, akitazama kikipanda na kushuka.