Goti la Ottmar

Kila Jumapili mume wangu Ottmar huumwa goti. Si Jumamosi, si Jumatatu. Ni Jumapili tu, pale dada yake Gerlinde anapogonga mlango akiwa na viatu vyake vya kupandia mlima.

Basi Jumapili hii nikaenda naye mimi. Gerlinde hapiti kibao cha maelezo njiani bila kukisoma kwa sauti, kisha kukinakili daftarini. Kwenye mwaloni wa miaka mia sita nilimaliza mkate wangu wote wa soseji, yeye bado yuko karne ya kwanza ya mti.

"Wifi, tutachwelewa!"

"Ngoja bwana, hapa ndipo radi ilipoupiga."

Tulipofika juu kwenye magofu ya ngome, tukakuta vibao saba. Nikajua nimekwisha. Nikatia sarafu kwenye darubini ya kulipia iliyokuwa ukingoni, nikaacha mto, nikaacha mnara wa kanisa, nikaitafuta nyumba yangu kule bondeni.

Nikaiona. Nikauona na mti wetu wa cheri, na juu kabisa ya ngazi, mguu mmoja ukiwa tawini, Ottmar anajijazia cheri mdomoni.

Nikampigia simu. Nikamwona anajipapasa mfukoni.

"Goti vipi, mume wangu?"

"Acha tu," akaguna. "Hata kujigeuza kitandani ni shida."

"Pole. Basi baki hapo hapo juu ya ngazi, usishuke. Dada yako anakuja na daftari, akusomee."